Ulimi wa Wajina

Jumanne ya wiki iliyopita nilipokea pole za kifo changu mwenyewe. Ujumbe ulianzia Mlimba, ukapita kwenye kundi la simu la jumuiya yetu hapa Ifakara, na ulikuwa mfupi kama zilivyo jumbe zote za msiba: Skolastika Aloyce amefariki leo alfajiri, mazishi Alhamisi. Kabla sijamaliza kupiga mswaki, simu ikaanza kuita. Wa kwanza alikuwa mwenye duka la madaftari hapa mtaani, ambaye aliposikia sauti yangu alikata bila kusema neno. Wa pili alikuwa mtoto wa kaka yangu, analia. Wa tatu, mwanamke niliyefanya naye kazi zamani, aliniuliza, "Nani mwenzangu?" Nikasema, "Ni mimi." Akasema, "Wewe nani?" Nilikaa kitandani na mswaki mkononi, dawa ikiniwasha ulimi upande wa kushoto, pale pale. Nilijua aliyekufa ni nani. Nililia kwa ajili yake, na katikati ya kulia nikajikuta nagusa ulimi kwa kidole kuhakikisha kama upo.

Marehemu alikuwa wajina wangu. Sisi wawili hatukuwa ndugu wala hatukukua pamoja. Yeye alikuwa wa Masagati, huko juu ng'ambo ya Mlimba, mimi wa hapa hapa mjini. Ila tulizaliwa mwaka mmoja, siku moja, ile ya sikukuu ya Mtakatifu Skolastika, na mapadri wa enzi zile hawakuwa watu wa kuhangaika kutafuta majina. Baba zetu wote wawili waliitwa Aloyce. Basi kwenye vyeti vya ubatizo tulikuwa mtu mmoja. Jumatano nilipanda treni kwenda kumzika, nikapata kiti cha dirishani, na bonde lilipoanza kupita na mpunga wake na maji yake, mwaka ule wote ukarudi. Nimekuwa nikiukwepa. Mtu hawezi kuukwepa mwaka anapokwenda kuzika jina lake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimepanga chumba kimoja Mlabani, nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza maandazi aitwaye Mama Kandida. Chumba kilikuwa na dirisha la wavu lililotazama ukuta, kitanda cha futi nne, jiko la mafuta ya taa, na kalenda ya parokia ya mwaka uliopita ambayo sikuitoa kwa sababu ilifunika ufa. Nilikuwa karani wa utafiti mmoja wa vidonda vya kinywa. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina, kuwapa watu namba, kuwapigia simu waliosahau siku zao, na kuwasindikiza Dar es Salaam waliohitaji kipimo cha huko. Bosi wangu alikuwa Daktari Kabula, mama wa Kisukuma aliyekulia kati ya ng'ombe wa baba yake kule Mngeta, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mtu mwingine aone aibu na kusema ukweli. Nilimwogopa na kumpenda kwa kiwango kilekile.

Wajina aliingia ofisini kwangu siku ya mvua, amefunika mdomo kwa ncha ya khanga. Nilimuuliza jina, akalitaja. Nilidhani ananidhihaki. Nikamwonyesha kitambulisho changu, akakisoma polepole, akacheka mpaka akashika shavu kwa maumivu. "Kumbe nimekuja kutibiwa kwangu," alisema. Kuanzia hapo hatukuitana tena Skolastika. Kwetu watu wa jina moja huitana wajina, na mali ya mmoja ni ya mwenzake kwa utani na wakati mwingine kweli. Alikuwa ameolewa, ana watoto watatu, na mimi sina hata mchumba wa kusingizia, kwa hiyo ingawa tulilingana umri nilimwita pia dada, nikampisha mlangoni, nikamtangulizia chakula. Miaka haihesabiwi kwa kalenda peke yake.

Ulimini mwake, upande wa kushoto, kulikuwa na kidonda kisichozidi punje ya mahindi. Huko kwao walishasema mengi: kwamba alimjibu vibaya mama mkwe, kwamba alikula kitu cha shambani kwa mtu. Yeye mwenyewe alilaumu jino lililochongoka. Hospitali walishamkata kipande kidogo kukipima, majibu yakaja kwamba kile kipande hakikutosha kusema chochote. Alipoambiwa akatwe tena aligoma. "Ulimi si muhogo," alimwambia Daktari Kabula, "wa kukatwa kila siku muone kama umeiva." Daktari hakubishana. Alivuta kiti, akamweleza kipimo cha Dar, nami nilikuwa pembeni nikiandika, kwa hiyo nakumbuka karibu neno kwa neno. Kila chembe ya mwili ina ukuta wake, alisema. Chembe za kansa huzaliana kwa pupa, na kuta zake hujengwa kwa pupa, na katika ujenzi huo kuna kitu kiitwacho kolini kinachojaa kupita kiasi. Sumaku kubwa na mawimbi ya redio vinaweza kukipima kitu hicho ndani ya nyama bila wembe. Mashine inachora mstari wenye vilima, na kilima cha kolini kikipanda sana, daktari anajua kwamba lazima akate, tena wapi, tena upesi. "Haimalizi ubishi wote," alisema, "lakini itatuambia kama tunaweza kukuacha ukalime."

Mashine ilihitaji pia ndimi za watu wasioumwa ili kulinganisha, na kila mgonjwa alitafutiwa mzima wa umri wake na jinsia yake. Mnaona inakokwenda. Nilijitolea mwenyewe, tena kwa furaha, na kwenye orodha nikatuandika kwa mkono wangu: kumi na saba, Skolastika Aloyce, ndiye mimi, kumi na nane, Skolastika Aloyce, ndiye yeye. Mtaalamu wa mashine hakutakiwa kujua nani mgonjwa, ili macho yake yasipendelee.

Wiki mbili za kusubiri zamu ya Dar, wajina alikaa chumbani kwangu. Tulilala kitanda kimoja. Nilimpikia wali wa mchele mpya na mchuzi wa samaki kitoga, bila pilipili, bila ndimu, nikauacha upoe mpaka ukaganda juu, maana cha moto kilimchoma. Alikula kwa upande wa kulia, macho ameyafumba, kama mtu anayesikiliza kitu kinachotokea mbali. Mchana mmoja nilikuwa naosha vyombo nikamsikia Mama Kandida akizungumza na jirani juu ya ukuta. "Jina moja, kitanda kimoja, sahani moja," alisema. "Siku mwitaji akija atamwita nani?" Jirani akacheka, akasema, "Atakayeitika." Nilisimama na sufuria mkononi. Marehemu bibi yangu alikuwa na neno kama hilo. Alisema kifo hakijui sura, kinajua jina, na kwamba ukiitwa na usiyemwona usiitike kabla ya mara ya tatu. Nilimweleza wajina kama mzaha. Yeye hakucheka. Alilamba kidole cha chumvi, akauliza, "Na bibi alisema nini kuhusu aliyetangulia kuitika?"

Chumba cha mashine kilikuwa na baridi ambayo sisi watu wa bondeni hatuijui, na mlango mzito uliofungwa kwa pumzi. Kabla ya kuingia kila mtu alivua kila chuma, na mtaalamu, kijana mpole wa Dar mwenye haraka ya watu wa Dar, alikiandika kwenye karatasi ya mhusika. Tulikaa kwenye benchi tumevaa magauni ya bluu yanayofanana. Akatoa kichwa mlangoni, akaita, "Skolastika Aloyce." Ilikuwa zamu yangu, kumi na saba ni mimi. Lakini tuliitwa wote, na mwenzangu alikuwa dada, mwenye watoto, mgonjwa, aliyechoka kusubiri. Nikamgusa bega. "Tangulia, dada." Akasimama. Kijana akamuuliza tarehe ya kuzaliwa, akaitaja, ikalingana, kwa nini isilingane? Mlango ukafungwa. Nilikuwa na nia ya kumwambia yule kijana akitoka. Nia hiyo naikumbuka vizuri.

Nilisikia mashine kupitia ukutani. Iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena kwa mwendo mwingine. Katikati ya kugonga huko ilikuja sauti ya kijana kwenye kipaza sauti: "Skolastika, usimeze. Skolastika, usiguse meno kwa ulimi." Na mimi huku nje, kwenye benchi, nikagundua sijameza mate tangu aanze kusema. Nilikuwa nimeushikilia ulimi wangu katikati ya kinywa kama yai. Wajina alipotoka uso ulikuwa wa kijivu, nikamkumbatia, naye akaninong'oneza, "Inabisha hodi kama mtu anayejua upo ndani." Kijana akasema, "Wewe ndiye wa pili?" Nikasema ndiyo. Nikaingia. Nilipolala mle ndani, paji la uso likikaribia kuta, sauti ikaniita kwa jina na kuniamuru nisimeze, nikahisi kwamba nafasi ile ilikuwa bado na joto la mtu, na kwamba mtu huyo ni mimi. Nilipotoka tulikuwa na njaa na tulikuwa tunacheka kwa woga. Sikumwambia kijana kitu. Nilisahau, na sina neno lingine la kutumia.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Kumi na nane ilikuwa safi. Daktari Kabula alimwita wajina, akamwambia mstari wake umelala vizuri, jino lichongwe, arudi baada ya miezi mitatu. Wajina alipiga magoti ofisini kwangu, sakafuni, akasali kwa sauti. Alipanda treni siku iliyofuata. Jioni ile Daktari akanifungia mlango, akanigeuzia kompyuta. Niliona mstari mweupe kwenye giza, vilima vidogo vidogo, na kimoja kimesimama peke yake. "Hii ni kumi na saba," alisema. Alivaa glovu, akaushika ulimi wangu kwa kitambaa, akauvuta huku na huku chini ya taa. Hakuona kitu. Nilimuuliza kama mashine imekosea. Alivua glovu, akasema, "Mara nyingine mashine inatangulia jicho." Angenirudisha Dar wakipata nafasi, baada ya wiki tano.

Sijui niielezeje wiki ile ya kwanza. Nilinunua kioo cha mkononi na kila baada ya muda nilikuwa mlangoni, mdomo wazi, nikitafuta kitu ambacho bado hakijafika. Chai ilikuwa na ladha ya shilingi. Upande wa kushoto ulianza kuwasha, kisha kuuma, na nikaanza kutafunia kulia, macho nimeyafumba. Mama Kandida aliniangalia nikila andazi, akaacha kuchochea moto. "Mbona unakula kama yule mwenzako?" Nikamjibu meno. Sokoni mtu aliita "Skola!" nyuma yangu, nikasimama nikahesabu, moja, mbili, na ya tatu haikuja, na nilipogeuka hapakuwa na mtu ninayemfahamu. Nilimwambia wajina kwa simu, kwa sababu nilikuwa naye peke yake wa kumwambia. Upande wa pili akaanza kulia. "Umenibebea," alisema. "Wajina, umenibebea." Wiki iliyofuata abiria wa treni aliniletea kikapu kutoka Masagati: mchele, ndizi, na jogoo mzima amefungwa miguu. Ni shukrani, aliniambia yule abiria, kwa mtu aliyechukua ugonjwa wa mwenzake.

Ilikuwa ni siku hiyo hiyo ya jogoo, ofisini, nikipanga karatasi kwenye majalada. Niliishika karatasi ya namba kumi na saba, ile ya vyuma vilivyovuliwa mlangoni kule Dar. Yule kijana alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: rozari moja, pini za nywele mbili. Mwaka ule nilikuwa nimenyoa kipara kwa sababu ya joto. Rozari sijawahi kuvaa shingoni. Niliisoma mara nyingi, na kila mara niliposoma benchi lile lilikuwa linarudi, na bega la wajina chini ya mkono wangu, na sauti yangu mwenyewe ikisema tangulia. Kile kilima kilikuwa chake. Wamemwambia yuko safi, wamemrudisha milimani, na kitu kile kinajenga kuta zake kwa pupa.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Furaha ilinipanda kutoka tumboni, kichwa kikawa chepesi, na maumivu ya ulimi yakakoma palepale. Nilirudi nyumbani nikamchinja jogoo. Nilikula sahani mbili, nikatafunia pande zote. Ile karatasi niliirudisha kwenye jalada, nyuma ya nyingine zote. Nilijiambia nitamweleza Daktari kesho. Kesho yake nilifikiria kazi yangu, na kwamba orodha ni mimi niliyeiandika, na kwamba sina baba wa kunirudisha nyumbani wala mume wa kunifunika. Keshokutwa nilifikiria uso wa wajina akipiga magoti. Kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri. Mtu hujidanganya kwa ustadi ambao hajawahi kuutumia kwa kazi ya mwajiri wake. Siku kumi na moja zilipita hivyo, na katika siku hizo nililala usingizi mzito, nikaota ndoto moja tu, kwamba naitwa na nanyamaza ili mwenzangu aitike.

Siku ya kumi na moja simu iliita. Wajina alikuwa amepanda kilima anakopata mtandao, upepo unapuliza kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. "Wajina, unaendeleaje? Unaumwa sana?" Nikasema hapana. "Usinifiche. Mimi wangu umeanza kuvimba tena, lakini nikikumbuka wako naona aibu kulalamika. Tunakuombea huku kila Jumapili." Mtandao ukakatika. Nilitoka na ile karatasi mkononi, nikaingia kwa Daktari Kabula bila kubisha, nikaiweka mezani, nikasema yote isipokuwa idadi ya siku. Alisoma. Alinyamaza muda mrefu kuliko siku zote. Nilisubiri anifukuze. "Treni ya kwenda Mlimba ni lini?" aliuliza.

Kutoka Mlimba nilipata pikipiki mpaka mvua ilipoila barabara, halafu nikatembea. Masagati siku ile ilikuwa ndani ya ukungu. Niliona nyumba moja moja zikitokea na kupotea, na sikukutana na mtu, kwa kuwa ilikuwa Jumapili na wote walikuwa kigangoni. Nilifuata sauti. Nilipofika karibu na ukuta wa kanisa dogo la udongo, nyimbo zilikoma, na katekista akaanza maombi. "Tumwombee Skolastika Aloyce, aliye katika hatari ya kufa." Na watu wote, wazee, watoto, wakaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Nilisimama kwenye matope, mkono umeshika ukuta. Walikuwa wananililia mimi. Walikuwa wanalitaja jina sahihi, mbele ya Mungu, kwa mtu asiye sahihi, na aliyestahili kuombewa alikuwa amekaa benchi la mbele akiwaongoza kuitikia. Nilitamani kurudi. Kisha mtoto mmoja dirishani akaniona, akapiga kelele, na kanisa zima likageuka, na wajina akasimama.

Alinikaribisha jikoni kwake, akakataa niseme neno kabla ya kula. Aliniwekea ugali na mboga za maboga, akaipoza mboga kwa kuipepea, bila chumvi nyingi, bila pilipili, vile nilivyokuwa nikimfanyia yeye. Bintiye wa kwanza, Anjela, wa miaka kumi hivi, aliletwa anisalimie. "Shikamoo mama mdogo." Nikaitikia marahaba, nikarudisha tonge sahanini. Kisha nikamweleza wajina. Nilimweleza benchi, rozari, pini. Nilisema, "Kile kilima si changu, dada. Ni chako." Moto ulikuwa unatoa moshi. Aliingiza kidole mdomoni, akagusa pale kushoto, akakitoa akakitazama. Sijui alikuwa anatafuta nini. Halafu akanyoosha mkono kwangu, kiganja juu, kama mtu anayedai chombo alichokuazima.

"Basi nirudishie, wajina," alisema. "Umenibebea vya kutosha."

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Aliponibembeleza aliniuliza swali moja tu, wala si kwa kunipeleleza. "Umejua lini?" Nami nikasema, "Juzi." Ulimi wangu mzima, usio na kidonda, uliosafishwa na mashine, ulisema juzi.

Tuliondoka naye siku iliyofuata. Walikata kipande kingine, safari hii pale mashine ilipoonyesha, na darubini ikasema kilekile. Akafanyiwa upasuaji, karibu nusu ya ulimi ikaondoka pamoja na tezi za shingo, kisha mionzi, wiki nyingi, nami nilikuwa naye wodini nikimponda ndizi. Siku moja kwenye korido nilimuuliza Daktari Kabula kama siku chache zingebadilisha kitu. Alinitazama. Nadhani alijua kuhusu siku zangu kumi na moja, alikuwa na tarehe zote kwenye majalada. "Hakuna anayeweza kukuambia," alisema, "na hilo utakaa nalo." Kazi hakuninyang'anya. Alibadilisha utaratibu tu: toka siku ile kila mtu alivishwa namba mkononi, na jina halikuitwa tena kwenye ule mlango.

Wajina aliishi. Alilima, akazaa mtoto wa nne, akajifunza kusema upya. Kuimba hakurudi. Jina letu hakuweza tena kulitamka. Lilivunjika katikati mdomoni mwake, lakini la kuniitia mimi lilibaki, na kila sikukuu yetu alinipigia akisema "wajina" kwa sauti ile nzito, na mimi niliitika mara ya kwanza. Miaka yote hiyo nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Juzi amechukuliwa na presha, usingizini, na nafasi imekwenda naye.

Alhamisi, ukungu ulikuwa uleule. Niliukuta msalaba umeegemezwa kwenye ukuta wa kigango, rangi bado mbichi, na nikasoma jina langu, jina la baba yangu, siku yangu ya kuzaliwa na mwaka wangu, na tarehe ya juma lile. Watu walikuwa wananipisha njia zaidi ya ilivyo adabu. Bibi mmoja alinigusa mkono kwa ncha ya kidole, akarudi haraka kwa wenzake. Anjela, sasa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alikuja akanishika mkono na kuniweka kwenye viti vya ndugu. Wakati udongo ukirudishwa, aliinamia sikio langu. "Mama alikuwa akituhadithia kila mwaka," alisema. "Kwamba ulipojua tu, ulipanda treni kesho yake. Kwamba ndiyo sababu sisi tulikuwa na mama."

Nilisema, "Si kweli, mwanangu."

Aligeuka. Nikamwambia. Nilitumia maneno machache, kwa sababu katekista alishaanza kuita watu wa kuweka mashada, wajukuu, kisha jumuiya, kisha wakwe. Mtoto mgongoni mwake alikuwa amelala, ameachama mdomo. Anjela hakulia wala hakuuondoa mkono wake kwenye mkono wangu, ila nilihisi umepoa.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja."

Alitazama kaburi. Midomo yake ilikuwa inacheza taratibu, nadhani alikuwa anazihesabu, moja baada ya nyingine. Mbele, katekista alisoma kwenye karatasi yake, akasita, akasafisha koo. "Skolastika Aloyce," aliita, na mnong'ono ukapita kati ya watu. Akaita tena, kwa sauti ndogo zaidi. Anjela aliuachia mkono wangu.

"Nenda, mama mdogo," alisema bila kunitazama. "Wewe ndiye unayeitwa."

Jina likaitwa mara ya tatu. Nikasimama. Hapakuwa tena na mtu wa kumpisha.